Nani Apange Nyimbo?

Oktoba 1998, katika mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles, mawakili wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, walifika mbele ya Jaji Audrey Collins na ombi moja: kifaa kiitwacho Rio PMP300 kisiuzwe. Kifaa chenyewe kilikuwa cha kuenea kiganjani. Kampuni ya Diamond Multimedia ya San Jose ilikipangia bei ya dola 200, ikakipa betri moja ya ukubwa wa AA na kumbukumbu ya megabaiti 32. Kwa ubora wa sauti uliozoeleka siku zile, megabaiti 32 zilitosha muziki wa nusu saa na dakika chache za ziada. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 ulikuwa na nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kwa nini basi wakubwa wa muziki wakose usingizi kwa ajili ya nusu saa ya nyimbo? Walichokiogopa hakikuwa ndani ya Rio. Kilikuwa kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo, ambako nyimbo zilianza kurundikana kama faili, zikikopiwa bila kupoteza ubora na bila mtu kumlipa mtu. Jaji Collins alitoa kwanza zuio la muda, kisha tarehe 26 Oktoba akakataa kuliendeleza. RIAA ikakata rufaa, na tarehe 15 Juni 1999 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikaikatalia tena.

Hoja ya majaji wale inastahili kusomwa polepole. Sheria ya mwaka 1992 ya kurekodi muziki nyumbani iliwataka watengenezaji wa mashine za kurekodia kidijitali walipe tozo na waweke kizuizi cha kunakili nakala ya nakala. Lakini Rio ilichukua faili kutoka kwenye diski ya kompyuta, na kompyuta haikuguswa na sheria ile, kwa kuwa haikuundwa kwa kazi ya kurekodi muziki. Tena, wakasema majaji, mwenye kutoa wimbo wake kwenye kompyuta na kuutia mfukoni anabadilisha tu mahali pa kuusikilizia. Hukumu hiyo iliifanya kompyuta kuwa kituo halali cha mambo yote, na mwenye programu ya kompyuta akapata nguvu kuliko mwenye kuunda kifaa. Wafanyabiashara wengi walichelewa kuliona hilo. Wanunuzi nao waliendelea kwa miaka kuulizia gigabaiti na rangi, ilhali kilichokuja kuwasumbua kila siku ni kingine kabisa: nyimbo apange nani, mwenyewe au programu?

Enzi za kaseti swali hilo halikuwapo. Philips ya Uholanzi ilizindua kaseti ndogo mwaka 1963, kazi iliyoongozwa na mhandisi Lou Ottens, na tarehe 1 Julai 1979 Sony ikaanza kuuza Walkman ya kwanza huko Japani kwa yeni 33,000. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa Sony, alikuwa anataka kitu cha kusikilizia muziki akiwa ndani ya ndege. Programu ya kupangia nyimbo ilikuwa kalamu. Ndiyo iliyoandika majina kwenye karatasi ya kasha, na kalamu hiyohiyo ya Bic, yenye pembe sita, ilirudisha utepe pale betri zilipoanza kuchoka. Aliyetaka Mbaraka Mwinshehe atangulie na Marijani Rajab afuate alikaa mbele ya redio ya kaseti mbili, akarekodi kwa mpangilio huo, yakaisha.

Muziki ulipogeuka faili, karatasi ya kasha ilipotea.

Mageuzi hayo yalipikwa Erlangen, Ujerumani, kwenye Taasisi ya Fraunhofer, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake walitafuta namna ya kubana sauti. CD hutumia biti zaidi ya 1,400,000 kwa kila sekunde moja ya muziki. Wajerumani wale waliishusha idadi hiyo hadi 128,000, karibu sehemu moja ya kumi na moja, kwa kutegemea udhaifu wa sikio la binadamu: sauti kubwa inapolia, sauti ndogo iliyo karibu nayo haisikiki, kwa hiyo inaweza kutupwa bila msikilizaji kugutuka. Mtihani wao mgumu ulikuwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, ulioimbwa bila ala yoyote. Sauti ya mtu mmoja isiyo na ngoma wala gita la kuificha huumbua kila kosa la mbanaji, na Brandenburg aliusikiliza wimbo huo tena na tena akirekebisha hesabu zake. Tarehe 14 Julai 1995 wahandisi hao walikubaliana kwa barua pepe kwamba faili zao ziishie na herufi .mp3.

Faili ikawa nyepesi, lakini haikujua jina lake. Ndani yake kulikuwa na sauti tupu. Mwimbaji, albamu na mwaka havikuwamo, isipokuwa kile ambacho mtu aliandika kama jina la faili. Mwaka 1996 Eric Kemp alipata dawa rahisi: aongeze mwishoni mwa faili lebo ya baiti 128, iliyopewa jina la ID3. Lebo hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana imetawala muziki wa watu wengi kuliko studio yoyote. Baiti tatu za mwanzo ni herufi T, A na G. Kisha jina la wimbo lina baiti 30, la mwimbaji 30, la albamu 30, mwaka 4, maelezo 30, na mwisho kabisa baiti moja ya aina ya muziki. Jumla 128, hakuna nafasi ya kupumulia.

Wanamuziki wa Dar es Salaam hawakuombwa maoni. Bendi ya International Orchestra Safari Sound, kwa mfano, ina jina la herufi na nafasi 36. Ukilitia katika lebo ile linakatwa palepale lilipofika 30, na kinachobaki ni International Orchestra Safari. Sound inaangukia nje. Baiti ya mwisho ilikuwa na dharau zaidi. Haikuhifadhi maneno bali namba, na kila namba ilisimamia aina moja katika orodha iliyopangwa mapema ya aina 80. Bluzi ni 0, regge ni 16, polka ya Ulaya ya Kati ni 75. Taarab haimo, wala muziki wa dansi, benga au rumba ya Kongo. Mtu wa Unguja aliyetaka kupanga nyimbo za Culture Musical Club wanaopiga taarab, alibakiwa na namba 12, yaani mengineyo, au 48, ambamo waliokusanya orodha walitupia muziki wa makabila yote ya dunia kwa mkupuo. Lebo mpya ya mwaka 1998 ilifungua milango, ikaruhusu majina marefu, picha za kasha na aina ya kujiandikia mwenyewe. Ile ya zamani haikufa, na vifaa vya bei nafuu viliendelea kuisoma kwa miaka mingi.

CD nazo zilikuwa na kilema kilekile: nyingi hazikubeba majina ya nyimbo kwa namna ambayo kompyuta ingeweza kuyasoma. Ti Kan na Steve Scherf walilitatua hilo kwa ujanja. Kila diski ina nyimbo zenye urefu wake, na mfuatano wa urefu huo hutofautisha diski moja na nyingine karibu kama alama za vidole. Wakaanzisha hifadhi iliyoitwa CDDB: unaingiza diski, programu inapima urefu wa nyimbo, inaulizia kwenye intaneti, majina yanarudi. Majina hayo yaliandikwa na watu wa kawaida waliojitolea, diski moja baada ya nyingine. Hifadhi ilipogeuzwa kampuni ya biashara, baadaye ikiitwa Gracenote, wengi waliojitolea waliona wamefanyishwa kazi bure. Mmoja wa waliokerwa, Robert Kaye, alianzisha mwaka 2000 hifadhi huru ya MusicBrainz, ambayo hadi leo husaidia programu nyingi za kusafisha lebo.

Kwenye kioo cha kompyuta, iliyowatawala watu ni Winamp, programu ya kucheza MP3. Justin Frankel, kijana wa Arizona, aliitoa mwaka 1997 akisaidiana na Dmitry Boldyrev. Ilikuwa nyepesi, ilivaa ngozi za rangi yoyote uliyotaka, na kwenye dirisha lake dogo ulitupia faili ukazipandisha na kuzishusha upendavyo. Haikukulazimisha chochote. Nyimbo zilibaki kwenye folda zako, zikiwa na majina yako, hata kama ulikuwa umeyakosea. Watumiaji wa intaneti kafe za Afrika Mashariki na watangazaji wa redio za FM waliijua vizuri. AOL iliinunua kampuni ya Frankel mwaka 1999, mwaka uleule ambao Shawn Fanning alifungua Napster, huduma ya watu kubadilishana faili za nyimbo kwenye intaneti, na ghafla watu waliokuwa na nyimbo hamsini wakawa na elfu mbili. Hapo ndipo kupanga kulipoanza kuwa kazi.

Vifaa vilifuata kwa kuongeza tumbo. Mwishoni mwa 1999 ilitoka Personal Jukebox, iliyobuniwa na watafiti wa kompyuta wa kampuni ya Compaq huko Palo Alto, ikiwa na diski ya gigabaiti 4.8 badala ya vijimegabaiti vya Rio. Mwaka 2000 Creative ya Singapore ikaja na Nomad Jukebox ya gigabaiti 6, yenye umbo la mashine ya CD. Tumbo lilikuwapo, koo halikuwapo. Waya wa USB wa wakati ule ulipitisha megabaiti moja kwa sekunde kama mambo yamekwenda vizuri sana, kwa hiyo kujaza gigabaiti 6 kulichukua saa nyingi. Na zikishajaa, utaupataje wimbo mmoja katika elfu moja na ushei kwa kioo kidogo na vitufe vichache? Creative walilifikiria hilo mapema: chagua mwimbaji, kisha albamu, kisha wimbo. Waliombea hataza mpangilio huo wa ngazi kwa ngazi, wakaipata mwaka 2005, na mwaka uliofuata Apple ikawalipa dola milioni 100 kumaliza kesi juu ya hataza hiyo. Singapore ilipata hela. Sifa zilikwenda California.

Zilikwendaje huko? Jibu liko kwenye programu, tena iliyotangulia kifaa. Bill Kincaid, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Apple, alikuwa akiendesha gari aliposikia redioni habari za Rio, na kwamba haikufanya kazi na kompyuta za Macintosh. Akaona mwanya. Yeye na Jeff Robbin wakaandika SoundJam, programu ya kucheza na kupanga MP3 kwenye Macintosh, ikauzwa na kampuni ndogo ya Casady & Greene. Mwaka 2000 Apple ikainunua kimyakimya na kumchukua Robbin. Ngozi za mapambo zikavuliwa, vitufe vikapunguzwa, na tarehe 9 Januari 2001 Steve Jobs akaionyesha San Francisco kwa jina jipya la iTunes.

Tofauti yake na Winamp haikuonekana haraka, lakini ilikuwa kubwa. Winamp ilikuwa mashine ya kucheza faili. iTunes ilikuwa maktaba. Mtumiaji hakuona tena folda; aliona safu za wimbo, mwimbaji, albamu na aina, zote zikisomwa kutoka kwenye lebo. Jambo hilo ni zuri sana kama lebo zako ni safi. Kama ulipakua nyimbo zako Napster, zikiwa na majina yaliyoandikwa na watoto wa shule wa nchi kumi, maktaba yako iliamka ikiwa na Bob Marley wanne: wa kwanza ameandikwa sawa, wa pili ana kosa la herufi, wa tatu ameongezewa bendi yake, na wa nne hana jina kabisa.

Wakati huo Apple walikuwa wakivitazama vifaa vya wenzao na kuvidharau. Februari 2001 Jon Rubinstein, mkuu wa uhandisi, alikuwa ziarani Japani ambako Toshiba walimwonyesha diski mpya ya upana wa inchi 1.8, yenye gigabaiti 5, na wao wenyewe hawakuwa na hakika itauzwa kwa kazi gani. Yeye alijua. Tony Fadell aliajiriwa kuongoza ujenzi, Phil Schiller akapendekeza gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba, na tarehe 23 Oktoba 2001 iPod ikatangazwa: dola 399, nyimbo 1,000. Waya wake wa FireWire ulikuwa mwepesi mara nyingi kuliko USB ya wakati huo. Apple walijigamba kwamba CD nzima inaingia chini ya sekunde 10, na nyimbo zote 1,000 chini ya dakika 10.

Lakini mtu aliyekuwa na Macintosh nyumbani hakuelezwa dukani jambo moja. Ukiifungua iPod kama diski na kuzifichua folda zake zilizofichwa, hukuti jina la mwanamuziki hata mmoja. Unakuta folda ziitwazo F00, F01, F02 na kuendelea, na katika matoleo mengi nyimbo ndani yake zimepewa majina ya herufi nne zisizo na maana. Ramani ya kuzitafsiri ilikuwa katika faili moja iitwayo iTunesDB, na aliyeiandika ni iTunes. Ukikopi wimbo kwa mkono ukautia humo, iPod haikuuona. Na ukiipeleka kwa jamaa yako mwenye maktaba yake ya iTunes ili akuongezee nyimbo mbili tatu, programu iliuliza kama uko tayari kufuta kila kilichomo na kuweka cha jamaa yako. Kifaa kilikuwa mali ya mnunuzi. Ufunguo wa kabati ulikaa kwingine.

Wengi hawakujali, na si kwa ujinga. Kwa mtu mwenye CD mia tatu, kompyuta moja na intaneti ya uhakika, mpango ule ulikuwa raha tupu: unaingiza diski, majina yanakuja yenyewe, unachomeka waya, unaondoka. Mtu wa Windows alisubiri zaidi. iPod ya Windows ilitoka 2002 ikitumia programu ya watu wengine, Musicmatch, na haikupendeza; iTunes ya Windows ikafika Oktoba 2003. Hapo katikati, tarehe 28 Aprili 2003, lilifunguliwa duka la iTunes lenye nyimbo 200,000 za kununua kwa senti 99 kila mmoja. Wiki ya kwanza ziliuzwa milioni moja. Duka lilianzia Marekani peke yake, likavuka kwenda Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Juni 2004, na nyimbo zake zilifungwa kwa kufuli liitwalo FairPlay, ambalo vifaa vya kampuni nyingine havikuweza kulifungua.

Sony, wenye Walkman, walikuwa wapi? Walikuwa wanabishana na nafsi zao. Tangu 1988 Sony ilimiliki kampuni ya kurekodi muziki ya CBS, kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mtu anayeuza vifaa na mtu anayeogopa nyimbo zisikopiwe, na wa pili alishinda. Walkman zake za kidijitali za mwanzo zilikataa kucheza MP3 moja kwa moja. Kila wimbo ulipaswa kugeuzwa kuwa ATRAC, fomati ya Sony wenyewe, kupitia programu ambazo baadaye ziliitwa SonicStage, na programu ilihesabu ni mara ngapi umeuhamishia kwenye kifaa. Mtu anakuja na nyimbo zake mia, anaambiwa azitafsiri zote kwanza. Betri za Sony zilikuwa bora, sauti yake ilisifiwa, umbo lilipendeza. Yote hayo hayakusaidia kitu. Ilipokubali MP3 mwaka 2004, soko lilikuwa limeshaondoka.

Microsoft walijaribu bahati mwaka 2006 na Zune. Ilikuwa imara na ilikuwa na kioo kikubwa, lakini inakumbukwa zaidi kwa asubuhi moja. Tarehe 31 Desemba 2008 maelfu ya Zune za gigabaiti 30 ziliganda zote kwa pamoja. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, wenye siku 366, na mistari michache ya programu iliyokokotoa tarehe ilifika siku ya 366 ikakosa pa kutokea, ikazunguka palepale bila kikomo. Ushauri rasmi wa Microsoft ulikuwa kuiacha betri iishe, kisha kuiwasha tena mchana wa Januari mosi. Zune ilisitishwa 2011.

Kulikuwa na watu waliokataa kabati zote hizi. Nchini Sweden, Björn Stenberg, nduguye Daniel Stenberg na Linus Nielsen Feltzing walichoshwa na programu ya ndani ya Archos Jukebox, kifaa cha Kifaransa, na mwishoni mwa 2001 wakaanza kuandika yao wenyewe bila msaada wa kampuni. Waliiita Rockbox. Ilisoma folda kama zilivyo, ilicheza fomati ambazo watengenezaji wa vifaa hawakuzitaka, ikiwamo FLAC iliyobana sauti bila kutupa chochote, na baada ya muda ikahamia kwenye iRiver, SanDisk na hata iPod. Sura yake haikuwa na mvuto, na menyu zake zilikuwa na vipengele vya kumchosha fundi. Kwa wale wanaotaka nyimbo zao zikae walipoziweka, haikuwa na mshindani.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. iPod ilionekana mikononi mwa wachache, nyingi zikiletwa na ndugu waliotoka Ulaya au Marekani. Kilichoenea ni vifaa vidogo vya Kichina vilivyofanana na flashi, vingi vikiendeshwa na chipu za kampuni ya Actions ya mjini Zhuhai. Ukivichomeka kwenye kompyuta vinaonekana kama diski ya kawaida: kopi, bandika, chomoa. Kisha ikaja kadi ya microSD, yenye upana wa milimita 11 na urefu wa 15, na simu za muziki kama Nokia 5310 XpressMusic iliyotangazwa mwaka 2007. Kifaa cha muziki na simu vikawa kitu kimoja, na ile kadi, ambayo watu waliita memori, ikawa albamu, maktaba na zawadi. Kilichobaki kilirushwa kwa Bluetooth.

Kazi ya kupanga ikahamia mtaani. Kariakoo jijini Dar es Salaam, River Road jijini Nairobi na katika mitaa ya Kampala vilifunguliwa vibanda vyenye kompyuta moja, kisomea kadi na kijana anayejua nyimbo zote. Mteja alitoa memori, akataja anachotaka, bongo fleva za mwaka huu, rumba za zamani, kwaya za mama, naye kijana akajaza mpaka kadi ikakataa. Folda zake zilikuwa na majina ya watu wanavyosema, ndiyo maana zilieleweka kuliko safu za iTunes. Wanamuziki hawakupata senti, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Ila kama programu ya kupangia muziki ni ile inayomjua msikilizaji, kijana yule alikuwa mbele ya wengi.

Vifaa hivi vilikuwa na tabia yao. Redio nyingi za Kichina zenye tundu la flashi na memori hazisomi lebo wala alfabeti. Hucheza nyimbo kwa mfuatano ulioandikwa kwenye jedwali la kadi, yaani uliotangulia kukopiwa hutangulia kulia. Kijana wa kibandani aliyeijua siri hiyo alikopi wimbo mmoja mmoja kwa mpangilio wa mteja, akarudia kwa mikono yake kazi ya redio ya kaseti mbili. Redio za magari zilizosoma lebo zilionyesha kichekesho kingine. Tovuti zinazogawa nyimbo zilikuwa na mazoea ya kuandika anwani zao palipopaswa kukaa jina la mwimbaji, kwa hiyo ukizipanga kwa mwanamuziki unagundua kwamba nusu ya muziki wa Tanzania umeimbwa na tovuti tatu. Mwenye kutaka utaratibu anahitaji jioni moja na programu kama Mp3tag au Picard ya MusicBrainz, na subira ya mchambua mchele.

Biashara halali ilijifunza kutokana na mazoea hayo. Mdundo ya Nairobi ilijengwa juu ya MP3 ya kupakua bure, ikilipiwa na matangazo, kwa kuwa watu wengi walitaka faili wanayoweza kuitia kwenye memori. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa imepakiwa tayari ndani ya simu za Tecno, na hivyo mnunuzi hakuulizwa achague programu gani, aliikuta.

Kwingineko, kabati zilianza kufunguka zenyewe. Januari 2009 Apple ilikubaliana na kampuni kubwa za muziki kuondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake. Mauzo ya iPod yalikuwa yamefika kileleni katika mwaka wa fedha wa 2008, karibu milioni 55, kisha simu ikaanza kuyala. iTunes, iliyozaliwa nyepesi, ilibebeshwa filamu, vitabu, programu za simu na maduka yake hadi ikawa mzigo, na mwaka 2019 Apple ikaigawa vipande kwenye kompyuta zake. Aprili 2017 Fraunhofer ilisitisha leseni za MP3 baada ya hataza zake kwisha muda, na fomati ile iliyozaliwa Erlangen ikawa mali ya kila mtu. Tarehe 10 Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba iPod zilizobaki madukani ndizo za mwisho.

Soko la mitumba halikukubaliana na tangazo hilo. iPod zenye diski zinanunuliwa zikiwa mbovu, zinafunguliwa kwa kipande chembamba cha plastiki, na diski ya inchi 1.8 inatolewa na kuwekwa kibao kidogo chenye matundu ya kadi za microSD. Betri inabadilishwa. Kifaa kilichouzwa kwa nyimbo 1,000 au 20,000 kinarudi na nafasi kubwa kuliko ya awali, na wengi wa wanaokifufua huweka Rockbox ndani yake, wakachomeka waya, wakakopi folda zao kama zilivyo.